Msukumo wa Damu na Sisi Makarani



Mwezi wa Machi 1944 daktari alimpima Rais Roosevelt wa Marekani, akaona msukumo wa damu 186 kwa 108. Tarehe 12 Aprili 1945 damu ilivuja ubongoni, akafa. Siku zile dawa za kufaa hazikuwapo. Leo zipo, nasi twaziacha mara tujionapo wazima!

Basi tujue: 140 kwa 90 na zaidi, ikionekana siku mbalimbali, ni ugonjwa. Hauumi, lakini huharibu moyo, figo na ubongo. Huletwa na urithi, umri, chumvi nyingi, unene, pombe, na kukaa kitini kutwa, ndiyo kazi yetu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Twende kazini kwa miguu. Dawa tusiache bila shauri la daktari.

Msukumo ulio chini ya 90 kwa 60, ukileta kizunguzungu, pengine watokana na upungufu wa maji, kutokwa damu, au dawa. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe, anywe maji akiwa na fahamu, kisha apelekwe hospitali.

Ndugu, kila mmoja wetu akapimwe kabla ya mkutano ujao. Tusiwaachie wake zetu ujane kwa uvivu wa dakika tano.