Mpini wa Jembe Wakati wa Masika

Masika yamekaribia, na wengi wenu mmekwisha kutafuta mbegu. Leo sitasema habari za mbegu. Nataka tuutazame mpini wa jembe.

Msimu mmoja nilikuwa shambani kwa mama mmoja, mvua ya rasharasha inanyesha. Jembe lake lilikuwa limelegea. Akafanya kama wengi wetu tufanyavyo: akalitumbukiza dimbwini, akangoja kidogo, likakaza. Tukalima. Saa nne jua likatoka kali. Mara jembe likachomoka mpinini, likapita karibu kabisa na mguu wa mwanawe aliyekuwa akifukia mbegu. Bahati njema halikumgusa. Lakini mimi nilijilaumu, maana nilimwona mama yule akililoweka, nami nikanyamaza.

Kwa nini lilichomoka? Mti ukinyonya maji huvimba kwa unene. Ndani ya tundu la chuma hauna nafasi ya kuvimba, basi nyuzi zake hubanwa na kupondeka. Ukikauka, huwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kuulowesha. Kesho utauloweka tena, na keshokutwa tena, mpaka uoze. Hata fundi wa bunduki anaijua taabu hii: kitako cha mti kikilowa mvua huvimba, kikausukuma mtutu, na risasi ikaenda kombo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, chagua mti. Mkole ni mgumu, tena hunepa bila kuvunjika. Usipoupata, tawi lililonyooka la mpera linafaa, na mkwaju pia. Usichukue mti wenye fundo, wala uliotobolewa na wadudu.

Pili, ukaushe. Hapa ndipo tunapokosea, kukata mti leo na kuutia jembeni leo leo. Ondoa magome, paka nta au mavi ya ng'ombe kwenye ncha zote mbili usipasuke, kisha uweke darini miezi 3 au zaidi. Usiuanike juani. Ukitaka hakika, upime kwa mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, umekauka.

Tatu, uchonge vizuri. Mwisho unaoshika jembe uwe mnene. Ingiza ncha nyembamba katika tundu, ulivute jembe mpaka likome penye unene. Hapo kila pigo litalikaza. Mpini wa mama yule ulikuwa mwembamba mwanzo hata mwisho, ndiyo maana haukuwa na cha kulizuia jembe.

Nne, paka nta ya nyuki kwenye ncha ya juu, maana maji huingia upesi zaidi penye ncha. Rangi usipake pale unaposhika, huteleza mkononi. Na ukimaliza kazi, lifute jembe, ulitie ndani. Usiliache likalala shambani na mvua.

Najua mtasema, "Bwana shamba, miezi 3 tutaitoa wapi na mvua iko mlangoni?" Kweli. Kwa masika haya, jembe likilegea tia kabari ya mti mkavu, na watoto wakae mbali na anayelima. Lakini mti wa msimu ujao ukate sasa, ukauke polepole huku tukipalilia.