Jembe Hujenga Udongo au Huubomoa



Mkulima aonapo mavuno yake yakipungua mwaka hata mwaka, aghalabu husema kwamba mvua imekuwa chache au mbegu ni mbaya. Huenda ikawa kweli. Lakini mara nyingi sababu imo katika jinsi udongo ulivyolimwa.

Udongo mzuri si vumbi. Ni vidonge vidogo vidogo vilivyoshikamana kwa mboji, na baina yake mna nafasi ambamo hewa na maji hupita na mizizi hupenya. Ardhi mpya ikilimwa, hewa nyingi huingia, na vijidudu vya udongoni huila mboji upesi. Katika kuila huachilia chakula cha mimea. Kwa hiyo mavuno ya miaka ya kwanza huwa mema. Kumbe mkulima anakula akiba. Mboji ikiisha, vidonge huvunjika.

Tena, shamba likilimwa kwa plau kila mwaka kwa kina kile kile, hasa udongo ukiwa umelowa, hufanyika chini yake, kiasi cha inchi 6 au 8, tabaka gumu kama sakafu. Maji hayashuki, mizizi haipenyi, na mahindi hunyauka siku chache baada ya mvua kukatika.

Tazameni Ukambani. Huko mvua huanza Machi na Oktoba, na mara nyingi huanza kwa nguvu, mashamba yakiwa wazi bila jani. Matone hupasua vidonge, vumbi huziba matundu, na ardhi hufanya ganda. Maji hukimbia mtelemkoni na udongo wa juu mpaka mto Athi, na mwisho wake ni bahari karibu na Malindi, ambako maji hugeuka mekundu. Maji yakimwagika hayazoleki. Udongo nao ni vivyo hivyo.

Katika miaka ya 1930 milima ya Machakos ilijaa makorongo. Serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba matuta, na kazi ya lazima ilichukiwa. Huko Murang'a mwaka 1947 watu waliikataa. Lakini baadaye wakulima wa Machakos walichagua wenyewe njia ya fanya juu: kuchimba mtaro kukingama mtelemko na kutupa udongo upande wa juu, mpaka baada ya misimu kadhaa shamba likawa ngazi za tambarare. Kufikia mwaka 1990 watu wa wilaya ile walikuwa wamezidi mara 5 kuliko miaka ya 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Basi mwenye shamba la mtelemko na alime kukingama, wala asilime kushuka. Asiguse udongo uliolowa, bali apasue tabaka gumu wakati wa kiangazi. Mabua yakiachwa juu ya ardhi huwa ngao ya matone. Ni kweli ng'ombe nao huyahitaji. Basi wakiyala, samadi yao irudishwe shambani.

Atakaye kujua hali ya udongo wake na atie donge kavu katika bilauri ya maji. Likiyeyuka mara moja, mboji imepungua. Likikaa, udongo ungali hai. Jaribio hilo halina gharama, nalo humwonya mkulima kabla njaa haijamwonya.