Kila Tarakimu na Ushahidi Wake: Vipimo katika Sayansi ya Shule



Jioni hii nazungumzia namba ambazo watoto wetu wa darasa la saba na kidato cha kwanza huziandika kwenye madaftari ya sayansi. Hoja yangu ni moja: kila tarakimu ni ushahidi, na mwanafunzi asiandike ile ambayo kifaa chake hakikuishuhudia.

Tuingie maabara. Mwanafunzi anapima kokoto kwenye mizani, anapata gramu 24.6. Anaitumbukiza katika silinda ya kupimia yenye mistari ya mililita moja moja, anainama hadi jicho lilingane na usawa wa maji, anaona yamepanda kwa mililita 9.0. Anagawanya gramu kwa mililita ili apate densiti. Kikokotoo kinamwonyesha 2.7333333, naye ananakili zote. Mwalimu anaweka vema.

Vema hiyo haikustahili. Kwa mistari ile, jicho linaweza kukosea kwa nusu mililita. Kama maji yalipanda kwa 8.5, densiti ni 2.9, kama ni 9.5, ni 2.6. Basi hata ile 7 ina shaka, na zile 3 zinazoifuata hazikupimwa na yeyote. Jibu la haki ni gramu 2.7 kwa mililita: tarakimu muhimu, yaani zile zenye ushahidi wa kipimo, ni mbili, kwa kuwa ujazo, kipimo chetu dhaifu zaidi, una mbili. Na sifuri ya 9.0 isifutwe, maana inaeleza kwamba mpimaji alitazama hadi katikati ya mistari.

Je, tarakimu chache ndizo bora siku zote? La hasha. Huko Uingereza, katika miaka ya 1890, mwanafizikia Lord Rayleigh alipima naitrojeni kwa kujaza chombo kilekile cha kioo. Ile iliyotoka hewani ilikuwa na gramu 2.310, iliyotengenezwa kwa kemikali, 2.299. Tofauti haifiki hata nusu ya asilimia moja. Angekadiria kwa tarakimu mbili, zote zingekuwa 2.3, na jambo lingeishia hapo. Lakini alirudia vipimo mara nyingi, akajua mizani yake inastahili kuaminiwa hadi tarakimu ile ya nne, akakataa kuipuuza tofauti. Yeye na William Ramsay wakagundua kwamba naitrojeni ya hewani ilikuwa imechanganyika na gesi nzito zaidi, agoni, ambayo ni karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta. Mwaka 1904 kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel, Rayleigh ya fizikia na Ramsay ya kemia.

Kuandika tarakimu ambazo hazikupimwa ni kudai usichokijua. Kufuta zilizopimwa ni kutupa ulichokijua. Makosa yote mawili yana dawa moja: mtoto aulizwe, "Umeijuaje hii?"

Kwa hiyo nawaomba walimu mambo mawili. Mosi, kabla ya kugusa kikokotoo, mwanafunzi aandike kifaa chake kinasoma hadi wapi. Pili, makundi yote yapime kitu kimoja, matokeo yaandikwe ubaoni bila kufutwa, darasa lijadili kwa nini yanatofautiana. Na watunga mitihani watoe alama kwa jibu lenye tarakimu zinazostahili, kwani kisichotahiniwa hufundishwa kwa nadra. Hayo hayadai maabara mpya. Rula na silinda zilizopo zinatosha kuanza muhula ujao.