Mifupa Iliyo Mikononi Mwetu
Hotuba kwa waumini na watetezi wa haki



Nitasema juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona matangani na wachache hulitamka hadharani. Ni habari ya askari aliyekufa akiipigania nchi yake, akazikwa na adui zake, na watu wake wakangoja miaka mingi kabla ya kumzika wenyewe. Nitaanzia Afrika Kusini, ambako kazi hii imefanyika, kisha nitarudi hapa kwetu, ambako deni bado lipo.

Vuyisile Mini alizaliwa mwaka 1920. Alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo za ukombozi. Mwaka 1961, Umkhonto we Sizwe lilipoundwa kuwa jeshi la siri la wapigania uhuru, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiunga. Alikamatwa mwaka 1963 pamoja na Wilson Khayinga na Zinakile Mkaba. Walihukumiwa kwa makosa ya hujuma, na kwa kushiriki katika kifo cha mtu aliyeshukiwa kuwa mpasha habari wa polisi. Mini aliahidiwa kunusurika kama angetoa ushahidi dhidi ya mwenzake. Alikataa. Tarehe 6 Novemba 1964 wote watatu walinyongwa mjini Pretoria, na waliokuwa gerezani siku hiyo walisimulia kwamba Mini alikwenda kitanzini akiimba.

Maiti yake haikukabidhiwa jamaa zake. Ilizikwa kwa siri katika kaburi la maskini, mbali na kwao. Mwaka 1998, miaka minne baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka, mifupa ilifukuliwa na kupelekwa New Brighton, katika mji ulioitwa Port Elizabeth na ambao sasa ni Gqeberha. Huko, katika bustani ya kumbukumbu ya Emlotheni, alizikwa kwa heshima za shujaa. Ilikuwa imepita miaka 34.

Ndugu zangu, hukumu ya namna ile ina sehemu mbili. Ya kwanza humwangukia anayenyongwa, nayo humalizika upesi. Ya pili huwaangukia walio hai: mama asiye na kaburi la kupalilia, mtoto asiyejua alikolala baba yake. Hii ya pili haikutamkwa na hakimu yeyote, wala haina tarehe ya kumalizika. Ndiyo sababu nasema kwamba serikali inapoirudisha mifupa haitoi sadaka. Inakomesha adhabu ambayo haikuwa na haki ya kuitoa.

Afrika Kusini haikuishia kwa Mini. Mwaka 2016 ilizindua mpango rasmi wa kuwatafuta wafungwa wa kisiasa walionyongwa kati ya 1960 na 1990, ambao idadi yao inatajwa kuwa 130 au zaidi. Kazi yenyewe ni ya subira. Husomwa daftari za magereza na za makaburi. Wataalamu huchimba kwa uangalifu, maana katika kaburi moja la maskini huenda yamo majeneza kadhaa. Familia huitwa, mifupa hupimwa, na jina halitamkwi kabla halijathibitishwa.

Nasisitiza uthibitisho kwa sababu ya yaliyotokea Aljeria. Julai 2020 Ufaransa ilirudisha mafuvu 24 yaliyokuwa yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Paris, yakiaminika kuwa ya wapiganaji wa karne ya 19. Yalipokewa kwa gwaride, yakafunikwa bendera, yakazikwa tarehe 5 Julai, sikukuu ya uhuru. Mwaka 2022 magazeti yalifichua hati zilizoonyesha kwamba ni mafuvu sita tu yaliyothibitishwa kuwa ya wapiganaji hao, na kwamba kisheria yote 24 yalitolewa kama mkopo tu. Gwaride pasipo ukweli humdhalilisha marehemu mara ya pili, na aliye hai naye.

Sasa turudi nyumbani. Dedan Kimathi naye alizaliwa mwaka 1920. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hakuwa peke yake. Katika miaka ya Hali ya Hatari mkoloni aliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000 katika nchi hii. Kimathi alizikwa gerezani, katika kaburi lisilo na alama. Mjane wake, Mama Mukami, aliomba mifupa ya mumewe chini ya serikali moja baada ya nyingine. Aliaga dunia Mei 2023, naye akazikwa Njabini bila kuyaona aliyoyaomba.

Waaljeria walilazimika kuvuka bahari na kubisha mlango wa mgeni. Je, sisi tubishe wapi? Kamiti ni gereza letu tangu tarehe 12 Desemba 1963. Ufunguo wake uko mfukoni mwa serikali yetu wenyewe. Tulingoja hadi mwaka 2003 ndipo marufuku dhidi ya Mau Mau ikaondolewa, na hadi 2007 ndipo sanamu ya Kimathi ikasimamishwa katika barabara inayoitwa kwa jina lake. Sanamu ni jambo jema, lakini sanamu si kaburi.

Najua kwamba katika viti hivi wameketi watoto wa waliokwenda msituni, na watoto wa homugadi, na jamaa za Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo. Najua jina la Lari. Sikuja kuwaambia kwamba kila lililotendwa msituni lilikuwa jema. Nasema tu kwamba maziko si hati ya kumtakasa mtu. Ni haki ya maiti, na ni haki ya wafiwa, nayo hutangulia mabishano yetu yote. Aliyeuawa Lari anastahili kutajwa jina, na aliyenyongwa Kamiti anastahili kurudishwa kwao.

Waumini wanamjua Rispa, yule mwanamke aliyetandika gunia juu ya mwamba, akawazuia ndege na wanyama wasiiguse miili ya wanawe walioangikwa. Hakuwa na jeshi wala cheo. Lakini habari zake zilipomfikia mfalme Daudi, ndipo mfalme alipokwenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani, waliokuwa wameanguka vitani zamani, akaizika katika kaburi la baba yake Sauli. Mtawala alijifunza wajibu wake kwa mjane.

Kwa hiyo natoa hoja nne. Kwanza, daftari za Kamiti za miaka ya Hali ya Hatari zifunguliwe, na Uingereza iulizwe tena. Mwaka 2011 ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni huko Hanslope Park, na mwaka 2017 hati za kesi ya Kimathi, zilizodhaniwa kupotea, zilichapishwa kitabuni. Karatasi hupatikana zikitafutwa. Pili, uwanja wa makaburi ya walionyongwa ulindwe, usijengwe wala kulimwa. Tatu, kazi ikabidhiwe wataalamu, mbele ya familia na mashahidi wa makanisa, bila haraka ya sherehe. Nne, utafutaji usiwe wa Kimathi peke yake. Kila atakayetambuliwa arudishwe kwao, na asiyetambulika jina lake liandikwe palepale.

Nanyi msingoje serikali. Kila parokia ina wazee wachache waliokuwa vijana miaka ile. Nendeni kwao mwezi huu na kalamu na daftari. Waulizeni nani alichukuliwa, lini, na alionekana wapi mara ya mwisho. Andikeni majina. Siku milango ya Kamiti itakapofunguliwa, wasije wakatuambia kwamba hawajui wa kumwita.