Kipodozi au Dawa: Jina la Kopo Halitoshi



Katika duka la mtaani kopo la krimu hupangwa pamoja na sabuni na poda, na maandishi yake hudai kuwa ni kipodozi. Lakini ndani yake huweza kuwamo klobetasoli, dawa kali ya magonjwa ya ngozi, ambayo ikipakwa ovyo kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba. Je, kopo hilo ni kipodozi kwa kuwa mtengenezaji kalibandika jina hilo?

Sivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 hutazama kusudi: kitu cha kusafisha au kurembesha mwili ni kipodozi, kinachokusudiwa kutibu ugonjwa, au kubadili umbile na utendaji wa mwili, ni dawa. Kwa hiyo shampuu ya kuondoa mba huko huhesabiwa kuwa vyote viwili. Dawa ya meno yenye floridi nayo ni dawa Marekani, ilhali Ulaya kwa kawaida ni kipodozi. (Kiswahili kilikwisha kukata shauri hilo zamani, ila wanasheria wa Ulaya hawakukiuliza.)

Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2003 iliviweka chakula, dawa na vipodozi chini ya mamlaka moja. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango, na mamlaka ile ikabaki na dawa na vifaa tiba. Tangu hapo kulitambua kopo ni kuamua pia ofisi itakayolishughulikia. Hatari iliyopo ni dhahiri: jalada likisafiri kati ya ofisi mbili, krimu huendelea kuuzwa.

Jumuiya ya Ulaya iliziba mwanya huo mwaka 2004 kwa kuamua kwamba bidhaa yenye shaka, inayoweza kuwa dawa au kitu kingine, itawaliwe na sheria ya dawa. Uamuzi huo ni wa busara, kwani dawa huko haiuzwi kabla ya kupewa kibali, na kipodozi hakidaiwi kibali cha namna hiyo. Aidha, haidrokwinoni imepigwa marufuku huko katika vipodozi vya kung'arisha ngozi, lakini daktari aweza kumwandikia mgonjwa mwenye mabaka.

Zebaki haihitaji mjadala huo. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya vipodozi vilivyotiwa zebaki ifikapo mwaka 2025.

Kazi ngumu kuliko zote ni mkorogo, unaochanganywa nyuma ya duka na kutiwa katika kichupa kitupu. Hauna jina, hauna orodha ya viambato, wala hauna ahadi iliyoandikwa ya kupimwa kwa sheria. Mkaguzi aliyekishika kichupa hicho hana budi kukipeleka maabara kwanza, ndipo ijulikane ni kesi ya ofisi ipi.