Usingizi Usioeleweka wa Mchana: Pa Kuanzia Kutafuta Jibu

Maelezo ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa wadi ya Kinoo, Kaunti Ndogo ya Kikuyu



Saa kumi na moja alfajiri Kinoo huwa imeshaamka. Makanga wanaita abiria kando ya barabara ya Waiyaki, mama mboga yuko njiani kwenda sokoni, na mlinzi aliyekesha Westlands anashuka kwenye matatu akirudi nyumbani kulala. Watu hawa wakichoka, kila mtu anajua sababu. Mazungumzo haya yanamhusu mwingine: yule anayelala usiku kucha, akaamka kama hakulala, kisha akasinzia kazini, kanisani na kwenye matatu, na hajui kwa nini.

Mtu huyo huambiwa mengi. Mwajiri humwita mvivu. Majirani hunong'ona kwamba amerogwa, au anakunywa kisirisiri. Mwenyewe hununua vitamini kwenye duka la dawa, kisha vinywaji vya kuongeza nguvu, kisha muguka, na miezi inapita. Muguka na miraa humfanya mtu akeshe; hazimwondolei kinachomchosha. Na akiwa ni dereva wa matatu, anayelipa gharama ya miezi hiyo si yeye peke yake.

Funzo kutoka Muguga

Kanda hii inaujua vizuri usingizi unaoua. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliwaua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 nchini Uganda, hasa Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria. Wagonjwa walisinzia mchana, wakadhoofika na kufa. Kati ya 1902 na 1903, huko Entebbe, daktari Aldo Castellani alipima maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa na kukuta vimelea ndani yake. Muda mfupi baadaye ikathibitishwa kwamba vimelea hivyo huenezwa na mbung'o.

Hapa Kenya ugonjwa huo ulisumbua sehemu kama Bonde la Lambwe. Utafiti wake ulipewa makao jirani na hapa, Muguga, ambako taasisi ya KETRI ilianzishwa mwaka 1977. Leo kazi hiyo iko chini ya shirika la utafiti la KALRO. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa miongoni mwa wenyeji alipatikana 2009, na mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeumaliza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma.

Anayesinzia Kinoo leo hana haja ya kuogopa malale. La kukumbuka ni kwamba usingizi ulioonekana kuwa laana ulikuwa na chanzo, na chanzo kikapatikana kwa kupima. Kwa uchovu wa siku hizi pia, njia ni hiyo hiyo.

Sababu zinazojitokeza mara kwa mara

Ya kwanza ni kulala muda mfupi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kwa siku. Anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi kukwepa msongamano wa magari ana deni la usingizi, na deni hilo huongezeka kila siku.

Ya pili ni upungufu wa damu, hasa kwa wanawake wenye hedhi nzito na waja wazito. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kipimo cha hemoglobini kikiwa chini ya 12 damu imepungua. Kwa mwanamume, chini ya 13. Kwa mjamzito, chini ya 11. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga. Ni vyema chai ingoje saa moja au zaidi baada ya githeri.

Ya tatu ni kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu hukoroma kwa nguvu, kisha kimya, kisha hushtuka akitafuta hewa. Jambo hilo hujirudia mara nyingi usiku, naye asubuhi hakumbuki lolote ila kichwa kinamuuma na kinywa kimekauka. Huwapata zaidi wenye uzito mkubwa na shingo nene, na huendana na shinikizo la damu. Wengi hudhani kukoroma ni dalili ya usingizi mtamu. Kumbe mwili unapigania hewa.

Zipo nyingine: kisukari, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi ipasavyo, kifua kikuu, virusi vya HIV, na msongo mzito wa mawazo. Zipo pia dawa zinazoleta usingizi, zikiwemo baadhi ya zile zinazonunuliwa kwa ajili ya mafua na mzio. Na katika baridi ya Juni na Julai, jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu. Huleta uchovu na maumivu ya kichwa, na inaweza kuua familia nzima. Wote nyumbani wakiamka na kichwa kizito, jiko litolewe nje kwanza, milango na madirisha yafunguliwe, kisha waende hospitalini mara moja.

Mwisho kuna nakolepsia, ugonjwa wa ubongo usio wa kawaida. Hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 2,000, na mara nyingi huanza ujanani. Usingizi humkamata mtu ghafla, na wengine hulegea magoti wanapocheka. Mwanafunzi wa namna hii huadhibiwa miaka mingi kabla mtu hajawaza ugonjwa.

Jinsi ya kujipima

Madaktari wengi hutumia maswali manane yaliyotungwa mwaka 1991 na daktari Murray Johns wa Australia. Mtu hujiuliza: uwezekano wa kusinzia ni upi ninaposoma, ninapotazama runinga, ninapokaa kimya mkutanoni, nikiwa abiria kwa saa nzima, nikipumzika alasiri, ninapozungumza na mtu, baada ya chakula cha mchana bila pombe, au gari likisimama kidogo kwenye msongamano? Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ikipita 10 kati ya 24, amwone mhudumu wa afya.

Kabla ya kwenda, aandike kwa wiki mbili saa aliyolala, saa aliyoamka, mara alizoamka usiku, na kila dawa, pombe au muguka aliotumia. Anayelala naye chumba kimoja aulizwe kuhusu kukoroma, na ikiwezekana arekodi sauti kwa simu. Daktari hawezi kuona yanayotokea saa tisa usiku. Karatasi na simu humwonyesha.

Pa kwenda

Hatua ya kwanza iko mlangoni. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini wamepewa mikoba yenye mashine za kupima shinikizo la damu na sukari. Mkazi anaweza kumwomba wa mtaa wake ampime.

Hatua ya pili ni zahanati au kituo cha afya cha umma. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na aliyejisajili hutibiwa bila malipo katika vituo vya ngazi ya pili na ya tatu. Usajili hufanywa kwa kubonyeza *147#. Hapo aombe kupimwa damu na sukari, na aeleze waziwazi: "Nasinzia mchana hata nikilala vya kutosha." Akisema tu "nimechoka", huenda akapewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani.

Jibu lisipopatikana, aombe barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi, kama vile Wangige, Lusigetti au Kiambu Level 5. Kipimo cha usingizi cha usiku kucha hufanywa katika hospitali chache kubwa za Nairobi, kwa hiyo aulize gharama mapema. Majibu yote ayaweke pamoja, ili asianze upya kwa kila daktari.

Tiba ipo. Upungufu wa damu hutibiwa kwa vidonge vya chuma, huku chanzo chake kikitafutwa. Tezi isiyofanya kazi ina kidonge cha kila siku. Pumzi inayokatika hupungua mtu akipunguza uzito, akiacha pombe ya usiku na kulala ubavu. Wengine huhitaji mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Nakolepsia haiponi, lakini dawa na usingizi mfupi uliopangwa humwezesha mtu kusoma na kufanya kazi.

Kwa madereva

Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Anayesinzia kwenye usukani asifungue dirisha na kuongeza sauti ya redio akidhani amepona. Aegeshe mahali salama, alale dakika ishirini, na wiki hiyo hiyo aende kupimwa.

Kwa familia, mwajiri na mwalimu, ombi ni moja: kabla ya kumwita mtu mvivu, mwulizeni kama amepimwa. Ikiwa bado, msindikizeni.