Kinachotangulia na Kinachobaki: Jinsi Magma Inavyozaa Madini



Kwa nini nikeli iko Kabanga, wilayani Ngara, na lithiamu iko Manono, katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo, ilhali zote mbili zilitoka katika magma? Jibu langu ni kwamba madini hupangwa kwa zamu. Yako yanayotangulia kuganda, na yako yanayoachwa nyuma.

Magma ya basalti inapopanda na kukwama ndani ya gamba la dunia huwa na joto la nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi. Miamba inayoizunguka huzuia joto hilo lisitoke upesi, hivyo kupoa kwake huweza kuchukua maelfu ya miaka. Atomi hupata muda wa kujipanga, na fuwele hukua hadi zikaonekana kwa macho. Magma hiyohiyo ikimwagika juu ya ardhi, chembe zake hubaki ndogo mno. Ile yenye silika nyingi ikipoa ghafla huwa kioo, kama obsidiani ya Naivasha ambayo watu wa kale waliichonga wakapata visu.

Aliyezifumbua zamu hizi ni Norman Bowen, Mkanada aliyefanya kazi katika maabara ya jiofizikia ya Taasisi ya Carnegie, Washington. Aliyeyusha unga wa silikati katika tanuru, akaushikilia kwenye joto alilolipima, kisha akaupoza ghafla ili aone ni fuwele zipi zimekwisha kutokea. Katika kitabu chake cha mwaka 1928 alieleza kwamba olivini hutangulia, ikafuatwa na pairoksini, amfiboli, kisha mika nyeusi. Sambamba nazo, feldispa huanza na kalsiamu nyingi na kuishia na sodiamu. Kwazi hushika mkia, joto likiwa limekaribia nyuzi 700.

Uzito wa kazi yake uko hapa: fuwele inayojitenga huacha kimiminika kilichobadilika. Olivini huzama na magnesiamu nyingi na silika kidogo, na kinachosalia huzidi kuwa na silika. Wavunaji wa chumvi wa Gongoni wanaujua mwendo huu: chumvi ikishashika, maji yanayobaki bwawani huwa machungu, wala si maji ya bahari tena.

Turudi Kabanga. Magma yenye magnesiamu nyingi ilipenya miamba ya mashapo iliyokuwa na salfa, ikaimeza. Matone mazito ya salfaidi yakajitenga, yakanyakua nikeli, shaba na kobalti, yakatuama chini. Bila salfa hiyo, nikeli nyingi ingetawanyika ndani ya olivini.

Manono ni habari ya mwisho wa safari. Magma ya graniti ilipokaribia kwisha kuganda, lithiamu, tantalamu na bati hazikupata nafasi ya kutosha katika fuwele za feldispa na kwazi. Zilikusanyika pamoja na maji katika kimiminika kilichosalia. Maji yalikifanya kiwe chepesi, kikapenya nyufa na kuganda kwa joto la chini zaidi, kikazaa pegmatiti zenye fuwele kubwa ajabu. Koltani ya Kivu na ya Rwanda, ambamo tantalamu hupatikana, ina asili hiyohiyo.

Wanafunzi wangu, elimu hii ina kazi mezani pa mikataba. Miamba miwili yaweza kuwa na asilimia ileile ya nikeli, lakini iliyofungwa ndani ya salfaidi huchenjuliwa kwa faida, na iliyofungwa ndani ya olivini huenda isilipe hata gharama ya kusaga mawe. Anayetazama asilimia peke yake hawezi kuzitofautisha. Basi kabla nchi zetu hazijatia saini, awepo mjiolojia wetu, aliyeusoma mwamba kwa hadubini yake mwenyewe, wa kuuliza: nikeli hii imeshikwa na nini?